Nyandwi Wawili, Tarehe Moja

Kasulu, Jumatano alasiri

Mwanangu Odeta,

Najua ukisoma neno hilo utacheka kwanza. Miaka minne yote ya sekondari uliniita mama mbele ya darasa ili tu uone nikiinamisha uso. "Mama, naomba karanga." "Mama, mwanao kapata sifuri ya hesabu, utamchapa?" Wenzetu walijipiga mapaja kwa kicheko, nami nikatafuta pa kujificha. Mimi nina miaka kumi na tisa, wewe kumi na saba. Lakini mama yako ni dada yangu, na kwetu hilo linatosha, mtoto wa dada ni mtoto wangu. Leo mchana mama yako, dada Adela, alinikumbusha bila utani. Alikuwa anachambua maharage uani.

"Skola, mambo ya mashine mimi siyajui," alisema. "Nitamwambia ale vizuri, asisahau kusali, ajihadhari na wanaume. Hayo mengine ni yako. Na wewe ni mama yake. Mwambie."

"Nimwambie nini, dada?"

"Nitajuaje? Kila siku mnakaa mnanong'ona habari za hiyo kompyuta. Leo umekuwa bubu?"

Bubu sijawa, lakini nusura. Wewe uko Heru Juu kumuaga bibi, na kwa jinsi ninavyomjua bibi, hatakuachia mpaka umekula mara mbili. Kwa hiyo nimepata nafasi. Sabuni, shuka na namna ya kukaa na watu sitavigusa, hayo dada keshayamaliza.

Kesho saa moja asubuhi gari lako linaondoka kwenda Kigoma, na mimi sitakuwepo stendi. Najua inavyoonekana. Sisi hata mgeni wa siku mbili tunamsindikiza mpaka njia panda, tukimbebea mzigo, tukirefusha maneno makusudi ili asifike haraka. Mtoto akipanda gari bila mama yake mdogo kuonekana, watu watasema wamegombana. Hatujagombana. Saa moja hiyo hiyo Bi Salma, mkuu wetu wa ofisi, anaondoka kwenda Kibondo na gari la shirika, na mkobani mwake ana disketi ya programu niliyoiandika mimi. Lazima nimkute kabla hajapanda. Programu ile ina kosa. Nimelijua kosa hilo siku kumi na mbili na sijamwambia mtu yeyote.

Nakala yake unayo wewe. Nilikupa mwenyewe Jumamosi, ukaifunga kwenye kitambaa ukaiweka katikati ya nguo, ukasema utawaonyesha watu wa hospitali unakokwenda kufanya kazi kwamba mama yako mdogo ni fundi. Nilikuona unavyojivuna kwa ajili yangu, nikashindwa kukwambia. Hospitali hiyo wanataka kuingiza majina ya wagonjwa kwenye kompyuta, na wewe utakuwa miongoni mwa watakaojifunza kuandika programu za kuyapanga. Sasa fikiria mgonjwa anafutwa kwa sababu yupo mwingine mwenye jina kama lake.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiandika hivi ovyo utadhani nimepagawa.

Nilipoanza kazi Januari, miezi miwili baada ya mtihani wetu, sikuchukuliwa kwa akili. Nilichukuliwa kwa sababu masista walitufundisha kupiga chapa, na mimi nilikuwa napiga bila kutazama vidole. Ofisi ilikuwa na kompyuta moja ya kioo cheusi chenye maandishi ya kijani, na jenereta iliyokuwa ikikohoa kama mzee wa tumbaku. Kazi yangu ilikuwa kunakili majina ya wakimbizi wa Burundi kutoka madaftari ya kambini. Jina, tarehe ya kuzaliwa, idadi ya watu nyumbani, namba ya kadi ya mgawo wa chakula. Kabatini nilikuta kitabu kinene cha Kiingereza kilichoachwa na mtaalamu aliyekuja kufunga ile mashine. Nikawa nakisoma saa ya chakula, kamusi mapajani. Baada ya wiki tatu niliandika mistari minne, nikabonyeza, na majina yote yakajipanga yenyewe kwa alfabeti. Nilikwenda chooni nikacheka peke yangu, kwa sababu mbele ya watu nisingeweza.

Unajua nilivyo. Mwalimu akiniuliza, jibu ninalo na sauti haitoki. Kompyuta haikuniuliza chochote kwa sauti. Haikuniambia simama tukuone. Nilidhani nimepata mahali ambapo aibu yangu si kilema tena. Hapo ndipo nilipoanza kukosea, miezi mingi kabla ya kosa lenyewe, kwa sababu nilidhani kazi hii ni ya mtu na mashine tu, wawili, mlango umefungwa.

Mwezi wa sita Bi Salma aliingia na karatasi mkononi. Umenisikia nikimwiga nyumbani, mtu wa Tanga, maneno yanamtoka kama anapepeta mchele.

"Skola mwanangu, hii orodha ina watu waliojiandikisha mara mbili. Wakubwa wanalalamika. Kuwatafuta kwa macho tutazeeka hapa hapa. Hiyo mashine yako haiwezi kuwatoa?"

"Inaweza," nikasema.

Neno moja, haraka, kama mtu anayetoa mkono kwenye moto. Sikumwuliza mtu aliyejiandikisha mara mbili tutamtambuaje. Kitabu kilikuwa na mfano tayari. Jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa, basi huyo ni mtu mmoja, na wa pili anafutwa. Nikaandika hivyo hivyo.

Odeta, mimi ni Muha. Wewe ni Muha. Ukiita "Bukuru!" katikati ya soko la Kasulu wanageuka watu sita. Kila nyumba iliyojaliwa mapacha ina Bukuru na Butoyi wake, na anayewafuata mapacha ni Kiza. Wa saba ni Nyandwi, wa nane ni Minani. Ndugu zetu wa Burundi ni hivyo hivyo. Na mtoto kwetu hachukui jina la baba, kila mmoja ana lake, ndiyo maana babu yangu ni Bukuru na sisi wajukuu wake hakuna hata mmoja anayeitwa Bukuru. Hayo tumeyanyonya, hatukuyasoma. Na nilipokuwa naandika mstari ule wa kulinganisha majina, babu alinipitia kichwani, naapa, alipita kama mtu anayepita nje ya dirisha. Nikajiambia kitabu kinajua kuliko mimi. Kimeandikwa na watu wa mbali, kina kurasa nyingi kuliko Biblia ya dada. Mimi ni nani?

Tarehe nazo nilizipiga chapa kwa vidole vyangu. Julai mosi, Julai mosi, Julai mosi, ukurasa baada ya ukurasa. Nilichoka kuiandika nikatengeneza njia ya mkato, nikibonyeza kitufe kimoja Julai mosi inajiandika. Nikajiona mjanja. Sikujiuliza kwa nini nusu ya kambi ilizaliwa siku moja.

Programu ilimaliza kazi kabla chai haijapoa. Majina zaidi ya mia mbili yakatoka. Bi Salma alinishika mkono mbele ya ofisi nzima. "Umetutoa kimasomaso! Jamani, mtoto wa juzi huyu!" Madereva wakapiga makofi. Nilikuwa natazama sakafu, lakini ndani nilikuwa nimepaa. Uliniona mwenyewe jioni ile, niliimba nikiosha vyombo, ukaniuliza kama nimeposwa.

Mgawo uliofuata nilipelekwa kambini, upande wa Makere, nikae mezani na orodha mpya endapo kutatokea maswali. Pembeni yangu alikaa Mwalimu Anselmi. Sijawahi kukusimulia habari zake. Ni mkimbizi, kwao alifundisha shule ya msingi, na ndiye aliyeandika yale madaftari kwa mkono, nyumba kwa nyumba, mvua na jua. Nilikuwa naujua mwandiko wake kwa miezi sita kabla sijauona uso wake.

Ikafika zamu ya bibi mmoja mwembamba, kadi yake ameifunga kwenye ncha ya kitenge. Anselmi akatafuta jina. Akatafuta tena.

"Wewe humo, mama."

"Simo wapi?"

"Kwenye orodha."

"Mimi niko hapa." Akajigusa kifua. "Mwalimu, si wewe uliyeniandika? Ulikalia kigoda changu, ukanywa maji yangu."

Watu wa nyuma wakaanza kusukuma. Mmoja akapaza sauti, "Nyandwi, pisha! Umeshakufa, waliobaki wanataka unga!" Foleni nzima ikacheka. Hata yeye akacheka kidogo, akasema, "Basi mwambieni aliyeniua alete sanda." Lakini hakuondoka.

Nikaivuta orodha. Nyandwi Mariya, Julai mosi, mwaka thelathini na nane. Mmoja tu. Nikamwuliza Anselmi kwa sauti ya chini kama kambini yupo Nyandwi Mariya mwingine.

"Yupo, kule bondeni. Mama mnene, mwimbaji."

"Na yeye kazaliwa Julai mosi?"

Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyelala darasani. "Binti, asiyejua siku yake tunamwandikia Julai mosi. Ndiyo siku ya uhuru wa nchi yetu, kila mtu anaikumbuka. Mwaka tunaukadiria. Hukuambiwa?"

Sikuambiwa kwa sababu sikuuliza. Nikaigeuza orodha, ikatazama meza. Yule bibi akanigeukia mimi sasa, maana aliona nami nina karatasi. Nikamwambia, "Tutaangalia, bibi." Akaondoka na kadi yake ikiwa imefungwa vile vile. Hiyo ilikuwa Ijumaa, siku kumi na mbili zilizopita.

Jumatatu yake Bi Salma alikuwa na maelezo yake mwenyewe. "Zaidi ya mia mbili wameandikwa mara mbili! Hiyo si bahati mbaya, hiyo ni biashara. Huyo mwalimu anaandika mtu mara mbili, kadi ya pili anaiuza. Astaghfirullah, mtu mzima na mvi zake!" Kiti changu kiko hatua tatu kutoka meza yake. Nilifungua mdomo. Simu ikalia. Nikaufunga. Nakuandikia hivi ujue jinsi jambo lilivyo dogo linapotokea. Simu ililia, yeye akaipokea, na mtu akapoteza kazi.

Alhamisi Anselmi akaja ofisini kurudisha madaftari na kalamu. Alinikuta peke yangu. Nilitamani anitukane.

"Nyandwi yule," akasema, "alitoka kambini bila kibali, akaenda kulima kwa watu wa Makere apate muhogo. Askari wakamkamata njiani. Kalala ndani siku mbili. Wajukuu wake tumegawana sisi majirani." Kisha akaisogelea kompyuta, akaitazama kwa adabu, mikono nyuma, kama mtu anayetazama ng'ombe wa mwenzake. "Binti, wewe unaielewa hii. Hebu iulize. Labda kweli nilimwandika mtu mara mbili, nimechoka. Macho yangu siku hizi si mazuri."

Alikuwa ameanza kujishuku. Mtu ambaye hakukosa chochote alikuwa ananiomba mimi nimhakikishie kwamba amekosa. Nikamwambia, "Nitaangalia, mwalimu."

"Ego, ndiyo mwanangu, angalia," akajibu, akaondoka kwa miguu.

Wiki hiyo uliniuliza kwa nini sili, nikakwambia tumbo. Haikuwa tumbo.

Kuna jingine, na hili linakuhusu wewe. Nalo sijui kama ni jepesi kuliko hilo la kwanza.

Unakumbuka zilipoletwa zile kompyuta mpya mbili, zenye kioo cheupe na picha ndogo ndogo na mausi ya kusukuma mezani. Bi Salma alisema mwaka ukiisha ile ya maandishi ya kijani inaenda stoo. Nilihisi kama mtu aliyejenga nyumba kisha akaambiwa barabara itapita hapo. Kitabu kile nilikuwa nimekisoma mpaka kurasa zimelegea. Amri zote ziko kichwani. Nami ndiyo kwanza nimepigiwa makofi! Basi nikajifanya nina kazi nyingi kwenye mashine ya zamani. Nilimpa mgongo yule fundi wa Kigoma aliyekuja kuzifunga mpya, siku nne nzima.

Wewe ulikuja Jumamosi, maana nilikuombea ruhusa ujifunze kupiga chapa. Hukupiga chapa. Ulikwenda moja kwa moja kwa yule fundi. "Hiki kinafanya nini? Nikikosea kinaharibika? Na hiki? Kwa nini kimelia?" Uliikamata ile mausi kwa mikono miwili mpaka dereva akasema, "We Odeta, unaikamua?" Ofisi ikacheka, nawe ukacheka kuliko wote, ukaendelea kubonyeza. Jumamosi ya tatu ulikuwa unamfundisha Bi Salma. Na ni yule fundi aliyepeleka jina lako hospitali.

Nilikuonea wivu, mwanangu. Wivu wa kukaa kimya ukisaga meno. Nilisema moyoni, huyu anacheza, mimi ndiye ninayefanya kazi. Nilikuwa nakuombea safari njema kanisani, na hapo hapo nataka ushindwe kidogo tu, urudi uniulize mimi. Sikuwahi kufikiri mama anaweza kumwonea mtoto wake hivyo. Labda mama wa miaka kumi na tisa anaweza.

Siku hizi kumi na mbili nimekuwa nikivipanga vitu hivi kimoja kando ya kingine. Lile "inaweza" nililomjibu Bi Salma. Lile "tutaangalia". Ule mgongo niliompa fundi. Nimeona ni kitu kimoja kinachobadilisha nguo. Naogopa kuonekana sijui. Na kazi hii tuliyoichagua, Odeta, itatufanya tuwe wasiojua tena na tena. Hiyo kompyuta mpya utakayoikuta Kigoma, huenda baada ya miaka mitatu watoto watakuwa wanachezea vitufe vyake uani. Utaanza upya, safari nyingine mbele ya wadogo zako wanaojua kuliko wewe. Mimi nimetakiwa kuanza upya mara moja tu nikakimbia. Wewe tayari unacho kitu ambacho mimi sina. Utakapopewa cheo na meza yako, watu watakapoanza kukuita fundi, chunga wasikunyang'anye kitu hicho. Mimi waliponipigia makofi tu, kidogo nilichokuwa nacho kilikwisha.

Disketi ile usiitupe. Ukipata nafasi ifungue, usome mstari wa thelathini na moja. Utaupenda. Ni mfupi, hauna neno la ziada, na kwa mashine ni sahihi kabisa. Mashine haikukosea hata mara moja. Nataka uutazame mpaka uuone ulivyo mzuri, kisha ukumbuke kwamba mstari huo ndio uliomlaza bibi mmoja ndani siku mbili.

Na kabla hujaandika wa kwako, nenda kwa mtu anayeandika majina pale mlangoni hospitali. Sio mkubwa wake, yeye mwenyewe mwenye kalamu. Kaa naye nusu siku. Msaidie kupanga foleni kama ataona haya kukuongelesha. Mwulize, akija asiyejua siku yake ya kuzaliwa unaandika nini? Akija aliyepoteza kadi? Akija mama amembeba mtoto ambaye bado hajapewa jina? Kila mahali kuna Julai mosi yao, Odeta, na hakuna kitabu kitakachokutajia. Kompyuta zitabadilika, lakini swali hilo utalibeba kutoka mashine hadi mashine, na halitazeeka.

Tangu Ijumaa iliyopita nimekuwa nikifika ofisini kabla ya wengine. Nimelinganisha majina yote yaliyofutwa na madaftari ya Anselmi, moja moja. Mtaa upi wa kambi, nyumba ipi, anaishi na nani. Waliorudiwa kweli hawafiki hata kumi. Wengine wote ni watu. Orodha ya zamani ninayo, sikuifuta, namshukuru Mungu kwa hilo. Nimeandika programu upya, na safari hii haimfuti mtu. Inaweka alama pembeni ya jina, kisha mtu anatumwa kwenda kuuliza. Ni ya polepole na haimpendezi mtu kuitazama. Nilipoimaliza sikucheka chooni.

Utaniuliza kwa nini sijasema mpaka leo. Jana nilikwenda. Nilisimama mlangoni kwa Bi Salma nikiwa na majina yote mkononi.

"Una nini, mwanangu? Mbona umekuwa kijivu? Homa?"

"Hapana. Nimekuja kuchukua karatasi."

"Karatasi si hizo hapo? Chukua, chukua. Halafu hiyo disketi yako kesho nitaichukua. Alhamisi alfajiri naelekea Kibondo, wenzetu kule wanaisubiri kama mvua."

Nikatoka na bunda la karatasi nisilolihitaji. Leo alipita kuchukua disketi nikiwa nimetumwa posta, nami nikafurahi kwamba sikuwepo. Nimeandika ukweli tangu mwanzo wa barua hii, basi na huo nauandika.

Kibondo kambi ni nyingi kuliko zetu. Programu ikiendeshwa kesho jioni, keshokutwa akina Nyandwi na Minani na Bukuru wa kule watasimama kwenye foleni wakiambiwa hawamo. Na huku kwetu keshokutwa ni mgawo pia, na orodha iliyobandikwa ni ile ile. Anselmi hajarudishwa. Kuna mtu anaweza kuyazuia haya yote, naye ni mimi, na kwa kuyazuia anahitaji kusema sentensi mbili kwa sauti inayosikika.

Nilifikiri nimwachie Bi Salma barua kama hii. Wewe utaisoma yako mara tatu ndani ya gari. Yake ataitia mkobani aisome Kibondo, au asiisome. Hii ya kwake lazima itoke mdomoni. Anaweza kunifukuza. Amenisifu kwa wakubwa, na sasa nitamvua nguo mbele ya madereva wake. Kinachonitisha zaidi ni kwamba anaweza kunihurumia, akasema "wewe mtoto bado", akarekebisha orodha kimya kimya na kumwacha mwalimu na jina la mwizi. Kwa hiyo nimejiapiza kwamba jina la Anselmi litatoka kwanza, kabla ya langu. Kama kesho jioni sina kazi, nitajifunza hiyo kompyuta ya kioo cheupe kwa barua zako. Utanieleza kila kitufe, nami nitakuuliza bila kuona haya. Nimeanza kujizoeza.

Tangu mchana nimekuwa nikiyasema maneno yale nyuma ya jiko. "Bi Salma, usiondoke. Mwalimu Anselmi hakukosea. Kosa ni langu." Mara ya kwanza sikujisikia mwenyewe. Mara ya nne au ya tano yalitoka vizuri kiasi kwamba dada Adela, kule uani, alidhani nasali, akaitikia Amina.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Nitatoka alfajiri kabla hujaamka. Ukisikia komeo la mlango linavutwa, ni mimi. Usiniite, Odeta. Hata ukiwa macho, lala hivyo hivyo, nigeuzie mgongo. Nikisikia sauti yako nitarudi ndani, nitakubebea begi mpaka stendi, na gari la Kibondo litaondoka.

Mama yako mdogo,
Skola